KUPOKEA DARASA KWA DARAJA: MAFUNDISHO KWA MWANACHUO WA UALIMU

Haya ni mafundisho mafupi tuliyoyakusanya kwa ajili ya vijana wanaosomea ualimu, khasa wale wa Chuo cha Ualimu Butimba, kilichopo katika jiji la Mwanza karibu na ufuko wa Ziwa Victoria; na kwa ajili ya walimu wa shule wanaowapokea vijana hao wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tumeyaandika kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa darasa ni kitu kimoja, mfano wa ufunguo, kinachotoka mkononi mwa mtu kikaingia mkononi mwa mwingine kwa mara moja. Dhana hii si sawa, na madhara yake huwafikia watoto, ambao hawana pa kushtakia.

Katika maneno yetu, aliye masomoni tutamwita mwanachuo. Mwalimu mwenye darasa tutamwita mwenyeji. Na mwalimu wa chuo ajaye kumtazama mwanachuo tutamwita mkufunzi, kama ilivyo desturi. Tumeyagawa mafundisho mafungu manne, na mwishoni tumeweka masuali na majibu yake.

FUNGU LA KWANZA: DARASA NI AMANA

Jua, ewe mwanachuo, ya kuwa darasa ni amana wala si mali. Mtoto wa darasa la tatu hulisoma darasa la tatu mara moja katika umri wake. Wewe ukiliharibu somo la wiki hii, utapata jingine la kujifunzia wiki ijayo, na mwakani utapata shule nyingine. Yeye hapati wiki ile tena. Kwa hiyo mazoezi yako hayawi bure; yana gharama, na mwenye kulipa ni mtoto.

Tazama hesabu hii. Kipindi kimoja cha darasa la tatu na kuendelea ni dakika 40. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, lakini katika miji inayokua upesi kama Mwanza si ajabu kuona darasa limezidi kipimo hicho mara mbili. Basi ukiwa na watoto 90, na kipindi kikapotea kwa sababu hukujitayarisha, umepoteza dakika 3,600 za watoto wa watu, nazo ni saa 60. Ni nani katika sisi angeweza kuzilipa?

Watu wakiulizwa vipi mwanachuo ajifunze kazi, majibu yaliyo katika ndimi zao ni mawili. Wa kwanza husema: mpe darasa lote siku ya kwanza, atajua mwenyewe. Wa pili husema: akae nyuma ya darasa atazame mpaka atakapojua. Wa kwanza amemtoza mtoto gharama yote. Wa pili hakumtoza mtoto leo, lakini amemwekea deni la kesho, kwa maana mwanachuo atatoka chuoni hajui kitu, naye atapewa darasa peke yake mahali asipokuwapo wa kumsaidia.

Lakini watu wa ufukoni kwetu wanaijua njia ya tatu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa mataa, na kijana mgeni hapewi usukani usiku wa kwanza. Hutoa maji yanayoingia mtumbwini, kisha hushika kasia, kisha huangalia taa, kisha huvuta nyavu pamoja na wenziwe. Wala haachwi ufukoni, kwani aliye ufukoni hajifunzi uvuvi. Yumo chomboni tangu mwanzo, na kazi yake huongezwa kwa kadiri ya mkono wake. Hivyo ndivyo tunavyotaka darasa lipokewe.

FUNGU LA PILI: KHABARI ZA WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni. Katika madrasa kubwa za zamani, kama za Baghdad, Damascus na Cairo, baina ya mudarris na wanafunzi alikuwapo mtu aitwaye muidi, maana yake mwenye kurudia. Mudarris alipomaliza darsa, muidi alikaa na wanafunzi akawarudilia maneno yale na kuwaeleza yaliyowatatiza. Hakuwa mwenye darsa, wala hakuwa mwanafunzi tu; alibeba sehemu ya kazi akiwa chini ya jicho la mkubwa wake. Na katika vyuo vya Kurani vya pwani na bara, mtoto aliyetangulia huwashikisha wadogo herufi huku mwalimu akisikiliza.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika kitabu chake Muqaddimah, cha mwaka 1377, ya kuwa ilmu hufundishwa kwa daraja. Kwanza mwanafunzi hupewa mambo ya asili kwa ufupi. Kisha hurudishwa juu yake kwa maelezo zaidi. Kisha mara ya tatu yasiachwe yaliyofumbika. Akapinga desturi ya kumtupia mwanafunzi mambo magumu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa akili yake huchoka na moyo wake huikimbia ilmu. Maneno hayo aliyasema juu ya mwanafunzi; sisi twaona yanamfaa na mwanachuo, kwani naye ni mwanafunzi wa kazi.

Sasa tutazame ya nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1974, katika mji wa Musoma, ulio kando ya ziwa hili hili, chama cha TANU kilipitisha azimio la kuwapatia watoto wote elimu ya msingi kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Basi wakachukuliwa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba. Sehemu ya siku wakifundisha watoto, na sehemu ya siku wakisoma ualimu, kwa masomo ya posta na ya redio, chini ya uangalizi wa waratibu wa elimu wa kata. Watu wakawaita walimu wa UPE, na wengine wakawacheka.

Sisi hatuwacheki. Bila ya wao watoto wengi wasingejua kusoma. Lakini yafaa tuyatazame mafunzo yao kwa insafu. Saa zao ziligawanywa, ama uzito wa kazi haukugawanywa. Kijana alifundisha nusu ya siku tu, ndiyo; lakini katika nusu ile aghalabu alikuwa peke yake mbele ya darasa zima, bila ya mwenyeji wa kumtazama. Kumpunguzia mtu saa si sawa na kumpa kazi kwa daraja. Hilo ndilo funzo, na wengi hawalioni hatta leo.

Baadaye, katika mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa na watoto kufurika madarasani, mafunzo ya ualimu yalifanywa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Fikra yake ilikuwa njema, kwani shule yenyewe ni chuo. Lakini fikra kama hiyo husimama juu ya mwenyeji mwenye nafasi ya kukaa na mwanachuo. Shule yenye uhaba mkubwa wa walimu humwona mwanachuo kuwa ni mwalimu kamili aliyeletwa kuziba pengo, na daraja zote huruka kwa siku moja.

Na khabari ya mwisho ni ya kusikitisha. Mwaka 2016, katika shule ya sekondari ya kutwa ya Mbeya, wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha walimpiga mwanafunzi mmoja kwa pamoja, na picha zake zikaonekana nchi nzima. Wakafukuzwa vyuoni. Hatulitaji jambo hili kwa kuwafedhehi, bali kwa sababu linaonyesha ya kuwa katika mamlaka ya mwalimu mna sehemu ambazo mwanachuo hakabidhiwi kabisa. Tutazieleza mahali pake.

FUNGU LA TATU: DARAJA TANO ZA KULIPOKEA DARASA

Daraja ya kwanza ni kutazama kwa kazi. Mtu aweza kukaa nyuma ya darasa wiki nzima asione kitu. Basi chukua daftari, na katika kila kipindi andika mambo matatu: ni watoto gani waliosema, ni watoto gani ambao hawakufumbua kinywa, na ni mahali gani somo lilipokwama. Mwombe mwenyeji ruhusa ya kuita majina asubuhi katika daftari la mahudhurio. Kazi hii ni ndogo, lakini ndani yake mna mlango mkubwa, kwa maana utajua majina, na mtoto anayeitwa kwa jina lake hukusikiliza kuliko anayeitwa "wewe wa pale". Usitoke katika daraja hii mpaka uwajue watoto wa safu ya nyuma.

Daraja ya pili ni madaftari ya watoto. Wengi huiona kazi ya kusahihisha kuwa ni adhabu. Sisi twasema hii ndiyo shule ya mwalimu. Tuchukue mfano. Mtoto amepewa hesabu hii: 52 toa 27. Ameandika 35. Mwanachuo huweka alama ya kosa akapita. Mwenyeji mwenye ujuzi humwita mtoto, akamwambia: "Hebu nieleze ulivyofanya." Mtoto husema: "Mbili toa saba haiwezekani, basi nimefanya saba toa mbili, nikapata tano; kisha tano toa mbili, nikapata tatu." Hapo utaona ya kuwa mtoto huyu si mvivu wala si mjinga. Ana kanuni yake, ameishika sawasawa kila mara, nayo ni kanuni mbovu. Ukimpa hesabu ishirini nyingine atakosa ishirini. Dawa yake ni vijiti: mfungie makumi matano na vijiti viwili vya mmoja mmoja, umwambie atoe 27. Atalazimika kufungua fungu moja la kumi, na macho yake yatamfundisha yale ambayo alama nyekundu haikumfundisha.

Na mfano wa pili ni wa kwetu khasa. Mtoto ameandika "nimekura ugali", na mahali pengine "baba amepiga kula". Wako watoto wengi wa pande hizi ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kisukuma, nayo haitenganishi sauti ya r na ya l kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto huyo amefahamu maneno yote mawili. Sikio lake ndilo halijazoea. Ukimwadhibu kwa uzembe umemdhulumu, na ukimwacha umemdhulumu vile vile. Mpe maneno mawili mawili, kura na kula, ria na lia, ayatamke mbele yako, ayasikie, kisha ayaandike. Basi kosa la daftarini ni khabari kutoka kwa mtoto, na mwalimu asiyejua kuisoma khabari hiyo hawezi kujua kesho afundishe nini.

Daraja ya tatu ni sehemu ya somo. Hapa mwanachuo husimama mbele ya watoto kwa mara ya kwanza, lakini kwa dakika kumi, au kwa kundi la watoto sita au wanane. Mwenyeji afundishe jambo jipya. Mwanachuo achukue zoezi la mwisho, au awachukue chini ya mti wale wanaosoma kwa shida awasomeshe ukurasa mmoja. Hii ndiyo kazi ya yule muidi wa zamani. Kundi dogo lina faida mbili: ukikosea, wanaodhurika ni wachache na mwenyeji aweza kurekebisha kesho, na wewe waiona nyuso ya kila mtoto, jambo lisilowezekana ukiwa mgeni mbele ya watoto 90.

Daraja ya nne ni kipindi kizima, kisha somo zima. Hapa andalio la somo ni lazima, nalo litokane na azimio la kazi, na azimio litokane na muhtasari. Mwonyeshe mwenyeji andalio lako siku moja kabla, si mlangoni. Shika kwanza somo moja tu, kwa mfano hisabati, ulifundishe kwa mfululizo wiki nzima, kwani anayefundisha kipindi kimoja cha kila somo hapati kuona tunda la kazi yake. Na katika daraja hii ziko hatua tatu za mwenyeji: kwanza akae ndani ya darasa, kisha akae karibu na mlango, aingie na kutoka, kisha aondoke, lakini awe mahali anapoweza kuitwa. Mwanachuo ambaye mwenyeji wake hakuondoka hatta mara moja hajui bado kama watoto walikuwa wakimtii yeye au walikuwa wakimwogopa aliyekaa nyuma.

Daraja ya tano ni siku nzima, pamoja na yale yasiyoandikwa katika ratiba: zamu ya asubuhi, mtoto aliyekuja bila ya kula, mzazi aliyesimama mlangoni na malalamiko, ugomvi wa mapumziko. Mwanachuo azione kazi hizi akiwa pamoja na mwenyeji, kisha azishike kwa ushauri wake.

Lakini yako mambo matatu yasiyohamishwa. La kwanza ni fimbo. Kanuni za nchi za mwaka 2002 zilimpa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na zikaweka mpaka wa viboko vinne. Hazikumpa kila aliyeingia darasani na chaki. Mwanachuo asiiguse, asije akatafuta kwa mkono heshima ambayo hakuipata kwa kazi. La pili ni hukumu kubwa juu ya mtoto, kama kumfukuza au kumrudisha darasa. La tatu ni siri za nyumba za watoto: ukizisikia, mwambie mwenyeji peke yake, wala usizipeleke bwenini ukazifanya hadithi.

FUNGU LA NNE: WAJIBU WA MWENYEJI

Ewe mwalimu uliyepokea mwanachuo, jua ya kuwa wewe umepokea amana mbili kwa pamoja, watoto wako na kijana huyu. Yakupasa mambo manne.

Kwanza, usiifanye siku ya kuja kwake kuwa siku ya likizo yako. Twajua ya kuwa kazi ni nyingi na mapumziko ni machache. Lakini ukiondoka siku ya kwanza, umewaacha watoto kwa mtu asiyewajua, na umemwacha kijana ajifunze kwa makosa ambayo hakuna wa kumwonyesha.

Pili, mtambulishe mbele ya watoto kwa jina la mwalimu, wala usiseme "huyu amekuja kujaribu". Mtoto huipima heshima ya mgeni kwa kauli ya mwenye nyumba.

Tatu, akikosea mbele ya watoto, usimnyang'anye chaki. Ikiwa kosa ni dogo, lingoje mpaka baada ya kipindi. Ikiwa ni kubwa, kama kuwafundisha watoto jambo lisilo kweli, patanani tangu asubuhi ishara, au useme kwa upole: "Mwalimu, twaomba uturudilie ile ya mwanzo." Atafahamu, na watoto hawatajua.

Nne, zungumza naye siku ile ile, hatta kwa robo saa. Mtajie jambo moja alilolifanya vizuri na jambo moja la kurekebisha kesho. Ukimtajia makosa kumi hatakumbuka hatta moja, na ukimwambia "umefanya vizuri" bila ya kutaja lipi, hukumfundisha kitu.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Mwenyeji wangu amenitupia darasa lote siku ya kwanza. Nifanye nini?
Jawabu: Usikatae mbele ya watoto. Mwende baadaye kwa adabu, umwambie: "Mwalimu, naomba nishike somo moja kwanza, na mengine nikusaidie." Mwombe robo saa kila siku ya kukuongoza. Ikishindikana, mweleze mkufunzi wako, si kwa kushtaki bali kwa kutaka shauri. Na wakati huo huo anza na daraja ya pili mwenyewe: soma madaftari ya watoto.

Suali: Na ikiwa hanipi kitu chochote, mimi nakaa tu?
Jawabu: Usimwombe darasa, mwombe sehemu ndogo asiyoweza kuinyima, kama kusahihisha rundo moja la madaftari au kuwasomesha watoto watano wanaochelewa. Akiona wamesogea, atakupa kubwa zaidi bila ya kuombwa.

Suali: Watoto wakisema, "Mwalimu wetu hafundishi hivyo," niwajibu nini?
Jawabu: Waambie: "Nionyesheni anavyofundisha yeye." Wasikilize. Huenda njia yake ni bora kwao, na huenda zote mbili zafika mahali pamoja. Usimkosoe mwenyeji mbele yao, kwani wewe utaondoka na yeye atabaki nao.

Suali: Nitajuaje ya kuwa daraja imetimia, nipande nyingine?
Jawabu: Si kwa utulivu wa darasa, kwani watoto hutulia kwa kufahamu na hutulia kwa hofu. Alama yake ni hii: kabla ya kuingia darasani, waweza kusema ni watoto gani watakaokwama leo, na watakwama wapi, na utawafanyia nini. Ukiwa umesema kweli mara nyingi kuliko ulivyokosa, panda.

Suali: Mazoezi yakiisha, kazi yangu imekwisha?
Jawabu: La. Aliyepokea amana huirudisha. Mwandikie mwenyeji ukurasa mmoja: somo limefika wapi katika azimio la kazi, ni mambo gani watoto hawakuyashika, ni mtoto yupi amesogea na yupi amebaki nyuma na kwa sababu gani. Rudisha madaftari yakiwa yamesahihishwa. Waage watoto kwa majina yao. Mwanachuo anayeondoka kimya, na mwenyeji akatumia wiki mbili kutafuta somo lilipoishia, amewatoza watoto mara ya pili.

Haya ndiyo tuliyotaka kuyasema. Mwenye kuyaona yana upungufu ayatimize kwa ujuzi wake, na mwenye kuyaona yanafaa amsomee mwenzake. Mwenyezi Mungu awape wanachuo subira ya kupanda kwa daraja, na awape wenyeji subira ya kuwangoja. Amin.